Mvua ileile, mtu yuleyule: kwa nini tunarudi New Iberia

Msomaji mmoja anayefanya kazi karibu na Kidatu ameniandikia. Barua yake nimeifupisha kidogo:

"Mwalimu, shikamoo. Kwenye meza ya vitabu vya mitumba nilikiokota kimoja cha James Lee Burke, cha yule mpelelezi wa Louisiana, Dave Robicheaux. Kurasa tatu nzima mvua inanyesha na miwa inayumba, mtu hajafa. Muuaji nilimjua kabla sijafika nusu. Halafu naambiwa viko zaidi ya 20 vya namna hiyo! Watu hawachoki? Na mbona mimi, pamoja na kulalamika kote, nimekimaliza usiku wa manane na nimebaki natamani kingine? Swali la pili: huyu ni mzungu anayetusimulia habari za weusi wa Kusini ya Marekani. Tumwamini?"

Marahaba, mwanangu. Swali la pili ni zito kuliko la kwanza, nitalifikia. Tuanze na mvua, maana hapo ndipo ulipokwama, na hujakwama peke yako.

Wewe unakaa kwenye miwa. Unajua msimu wa kuvuna unavyoingia: usiku shamba linachomwa, asubuhi masizi yametua juu ya shuka ulizoanika, na hewa ina utamu wa sukari iliyoungua ambao mgeni huufurahia siku mbili za mwanzo tu. New Iberia ni mji wa namna hiyo. Uko kusini mwa Louisiana, saa mbili na ushee kwa gari kutoka New Orleans, na huko nako miwa huchomwa msimu wa kusaga. Unapita kandokando ya Bayou Teche, hori la maji mazito yanayokwenda polepole kiasi kwamba ukitupa jani inabidi usubiri ujue linaelekea wapi. Maelfu ya miaka iliyopita mto Mississippi wenyewe ulipita humo, kisha ukahama. Kwenye barabara kuu ya mji ipo mpaka leo nyumba ya mwenye shamba la miwa iliyojengwa mwaka 1834, yenye nguzo nyeupe, imezungukwa na mialoni yenye mimea inayoning'inia kama ndevu za kijivu. Sasa ni makumbusho. Walioifyatulia matofali walikuwa watumwa.

Huko ndiko kwao na mtu wa Burke. Alimwanzisha mwaka 1987 akiwa askari wa New Orleans, kabla ya kumrudisha nyumbani kitabu kilichofuata, naye Burke mwenyewe ana miaka 50 na vitabu kadhaa vilivyokwisha kusahauliwa. Riwaya yake moja ilikuwa imekataliwa na wachapishaji mara 111 kwa muda wa miaka tisa kabla ya kutolewa na chuo kikuu cha Louisiana mwaka 1986. Mtu aliyekataliwa mara 111 hana haraka ya kumfurahisha mhariri, na nadhani zile kurasa zako tatu za mvua zimetokana na hapo kwa sehemu.

Sisi tulioanza kusoma riwaya za upelelezi kwa Kiswahili tumelelewa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Umeshamjua: anauliza, ananyamaza, mwisho anakaa na watu na kuwafumbulia. Katika kitabu chake cha kwanza watu wanadhani mzimu umehusika, naye anaonyesha kwamba ni mikono ya binadamu. Ukifunga kitabu, fumbo limekwisha na umepata raha yako. Ndiyo maana ulipomjua muuaji nusu ya njia ukaona Burke amekudhulumu. Lakini Burke hashughuliki sana na nani kaua. Katika vitabu vyake vingi Dave mwenyewe anamjua au anamshuku mapema, na kazi inayobaki ni kuuliza huyu mtu amewezaje kuishi miaka yote hiyo mjini bila kuguswa, nani alikuwa anakula naye, na baba zao walifanya nini.

Kitabu cha sita ndicho kinachoeleza vizuri zaidi. Kinaitwa In the Electric Mist with Confederate Dead, cha mwaka 1993. Mwigizaji wa filamu, mlevi, anamwambia Dave kwamba walipokuwa wakipiga picha kwenye kinamasi cha Atchafalaya ameona mifupa ya mtu yenye mnyororo. Dave anaganda. Mwaka 1957, akiwa kijana, yeye mwenyewe aliona wazungu wawili wakimuua mtu mweusi aliyekuwa na mnyororo huohuo. Alisema. Hakuna aliyetaka kusikia. Miaka 35 imepita, sasa Dave ni askari, maji yamefukua kile ambacho ofisi ilikizika, na wahusika bado wako hai, wazee wenye heshima zao mjini.

Humohumo, usiku kwenye ukungu, Dave anakutana na Jenerali John Bell Hood wa jeshi la Kusini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, yule aliyepoteza mguu vitani Chickamauga mwaka 1863, pamoja na askari wake waliokufa. Wanazungumza. Huo ni mzimu kweli, wala hatokei Bwana Msa wa kuutegua. Burke hakuulizi kama unaamini. Wakosoaji wengine wa huko walikunja nyuso. Mimi nilipousoma mara ya kwanza sikuona ajabu yoyote, maana nimekulia mahali ambapo wazee walikuwa wanamwaga uji chini kabla ya kunywa.

Kwa hiyo mvua. Mtu anayesimulia habari za mahali ambapo hakuna kilichozikwa kikakaa, atakusimulia maji. Unaweza kuzichoka zile kurasa, hilo ni haki yako, lakini usizirushe, kwa sababu mara nyingi ushahidi umelala humo.

Sasa mtu mwenyewe. Dave Robicheaux ni Mkajuni, mzao wa wale Wafaransa wa Akadia waliofukuzwa na Waingereza huko Kanada kuanzia mwaka 1755 wakaishia kwenye vinamasi vya Louisiana. Baba yake, mvuvi na mfanyakazi wa mafuta asiyejua kusoma, alifia kwenye mlipuko wa mtambo baharini. Mama yake aliuawa, na Dave atatumia kitabu kizima, Purple Cane Road cha mwaka 2000, kutafuta waliomuua. Amepigana Vietnam. Ni mlevi aliyeacha. Haniambii "nilikuwa mlevi". Yeye ni mlevi, leo hajanywa, na kesho hajui. Anakwenda kwenye vikao vya walioacha pombe kama mtu anavyokwenda kanisani, na anaagiza soda ya Dr Pepper mahali ambapo kila mtu ana bia. Burke mwenyewe amepita njia hiyo ya pombe, na inaonekana. Hakuna mwandishi ninayemjua anayeweza kuandika ubaridi wa chupa inayotoka jasho juu ya meza kwa hamu na hofu kiasi hicho.

Jambo la kushika kuhusu mfululizo huu ni kwamba yaliyotokea yametokea. Willy Gamba wa Elvis Musiba hazeeki. Anashuka kwenye ndege akiwa ananukia vilevile kama kitabu kilichopita, na hiyo ndiyo starehe yake. Dave anabeba. Katika kitabu cha pili, Heaven's Prisoners, yuko baharini na mkewe Annie, ndege ndogo inaanguka mbele yao. Anazamia, maiti zimefungwa kwenye viti, halafu kwenye kona ya juu iliyobaki na hewa kidogo anakuta mdomo wa mtoto wa kike unavuta pumzi. Ni mkimbizi kutoka El Salvador. Wanamchukua, Dave anampa jina la mama yake, Alafair. Kabla kitabu hakijaisha Annie ameuawa kitandani kwa bunduki, Dave hayupo nyumbani. Ukimfuata miaka 20 baadaye bado kuna usiku anamsikia Annie akiongea kwenye mvua ikipiga bati. Na yule mtoto unamwona anakua kitabu baada ya kitabu: anajifunza Kiingereza, anafuga rakuni mwenye miguu mitatu, anabishana na baba, anasoma sheria, anaandika riwaya. Burke ana binti wa kweli anayeitwa Alafair, profesa wa sheria na mwandishi wa riwaya za upelelezi. Msomaji aliyeanza naye mwaka 1988 amelea mtoto sambamba na Dave. Ukiniuliza kwa nini hawachoki, nitakuonyesha huyo mtoto kabla ya kukuonyesha muuaji yeyote.

Halafu kuna Clete Purcel. Kila anayesoma vitabu hivi ana habari ya Clete. Alikuwa askari mwenzake Dave wa kitengo cha mauaji New Orleans, akaharibikiwa, akatoroka nchi, akarudi akawa mpelelezi wa kujitegemea. Jitu, kofia ndogo ya ukingo mfupi imekaa upande, shati la maua, gari la Cadillac lisilo na paa. Anakunywa kwa niaba ya wote wawili. Aliwahi kuchukua greda akapita nalo katikati ya nyumba ya jambazi mmoja kando ya ziwa Pontchartrain, na habari hiyo inarudiwa vitabu vyote vinavyofuata kama tunavyorudia habari za mjomba kwenye harusi. Dave ana dini na adabu zinazomzuia. Clete hana kizuizi, ana moyo tu. Mwaka 2024 Burke akafanya jambo ambalo wasomaji walilisubiri miaka 37: alimpa Clete asimulie kitabu chake mwenyewe. Ni cha 24 kwenye mfululizo.

Filamu mbili zimetengenezwa, ya mwaka 1996 na Alec Baldwin, na ya 2009 na Tommy Lee Jones. Jones ana uso wa Dave hasa. Lakini zote mbili zinapungukiwa na kitu kilekile: sauti ya Dave kama inavyosikika vitabuni. Ukiitoa hiyo, kinachobaki ni polisi anayepiga watu.

Malalamiko yako sasa, maana mengi ni ya haki. Ukisoma vitano mfululizo utaona mishono ya kanzu. Kuna familia tajiri kwenye nyumba ya nguzo nyeupe, yenye siri. Kuna muuaji wa kukodiwa mwenye sura ya ajabu na falsafa. Kuna jambazi wa Kiitalia wa New Orleans anayependa mbwa au maua. Clete anavunja kitu. Dave anapandwa na hasira hotelini mbele ya watu na mkuu wake anamwita ofisini. Wake zake hawadumu: Annie ameuawa, Bootsie alikuwa na ugonjwa wa lupasi naye akafa, Molly, aliyewahi kuwa mtawa, akafa kwa ajali ya gari. Kufikia wa tatu nilifunga kitabu kwa hasira nikakiacha wiki mbili. Na hesabu za umri zimekwisha kukataa zamani. Mtu aliyekuwa wa makamo mwaka 1987 hawezi kuwa bado anarushiana ngumi kwenye maegesho miaka 30 baadaye bila ya kukimbizwa hospitali. Burke anajua, hadithi ya Clete ameirudisha miaka ya 1990.

Ila hiyo ajali ya Molly ilizaa kimoja cha vitabu vyake bora. Kinaitwa Robicheaux tu, cha mwaka 2018, baada ya mfululizo kukaa kimya miaka mitano. Dave amerudi kunywa. Usiku mmoja amelewa hadi kupoteza kumbukumbu, na asubuhi mtu aliyegonga gari la Molly amekutwa amepigwa hadi kufa. Dave anaangalia mikono yake. Imechubuka. Hakumbuki. Anakuwa askari wa kesi ambayo mshukiwa wake wa kwanza ni yeye mwenyewe, na wewe uliyesafiri naye vitabu 20 unajua vizuri kwamba anaweza. Kitabu cha pekee, cha mtu usiyemjua, kisingekupa hofu hiyo. Hapo ndipo mfululizo mrefu unapolipa deni la marudio yake yote.

Swali la pili. Tumwamini?

Nitakujibu kwa gereza kwanza. Kitabu cha kwanza kabisa, The Neon Rain, kinaanza Dave akiendesha gari kwenda Angola kumwona mtu anayesubiri kuuawa kwenye kiti cha umeme, ambaye anamwonya kwamba kuna watu wanataka kumuua yeye Dave. Angola ndilo gereza kuu la Louisiana. Lilikuwa shamba la watumwa, na jina limetokana na nchi walikotolewa watumwa hao. Wafungwa bado wanalima kwenye mashamba yaleyale, wengi wao weusi, walinzi wakiwa juu ya farasi. Hata mchuzi ambao Dave anakula kila kitabu, gambo, wataalamu wengi wa lugha hulirudisha jina lake kwenye neno la Kibantu la huko Angola la kuitia bamia. Ndugu wa lugha yetu, mwanangu, wako kwenye sufuria na kwenye seli. Burke hakuificha Angola nyuma ya hadithi. Ameiweka ukurasa wa kwanza. Na kesi inayomsumbua Dave humo ni ya binti mweusi aliyekutwa amekufa majini, ambaye sherifu wa huko ameandika kwamba alizama, basi, faili lifungwe.

Ameendelea hivyo. Sunset Limited ya mwaka 1998, iliyopata tuzo kubwa ya Uingereza ya riwaya za uhalifu, inaanzia kwa mratibu wa chama cha wafanyakazi aliyepigiliwa misumari ukutani kama Kristo miaka 40 nyuma. Jolie Blon's Bounce ya mwaka 2002 ina msimamizi wa shamba, Legion Guidry, aliyewabaka wanawake weusi wa shambani kwa miaka na kila mtu alijua. Na The Tin Roof Blowdown ya mwaka 2007 ndicho kitabu chake chenye hasira kuliko vyote, kuhusu kimbunga Katrina cha Agosti 2005, kuta za kuzuia maji zilipobomoka na kama asilimia 80 ya New Orleans ikaingia majini. Padri mmoja, mraibu wa dawa za kulevya, anakwenda kwenye mtaa wa maskini kuwatoa watu waliokwama juu ya dari ya kanisa. Hiyo sura ya dari, giza na maji yanayopanda, isome mchana.

Kwa hiyo kuhusu dhambi yenyewe, mwamini. Haogopi kusema nani alitajirika na nani alilipia.

Kuhusu watu, mwamini kwa kiasi. Mwangalie Batist, mzee mweusi anayefanya kazi kwenye duka la Dave la chambo na kukodisha boti. Dave anampenda, hilo halina shaka. Lakini katika vitabu vya mwanzo Batist anaandikiwa lafudhi iliyovunjika, ni mwaminifu, ana nguvu, anaogopa uchawi, na usiku akienda kwake hatumfuati. Hatujui anamwambia nini mkewe kuhusu Dave. Huyo ni mtu anayeonekana kutoka kwenye kibaraza cha mzungu mwema. Burke alibadilika kidogo kadiri miaka ilivyokwenda, na baadaye duka linakuwa la Batist mwenyewe, ila kibaraza ni kilekile. Ukitaka kusikia upande wa pili wa ukuta, mtafute Attica Locke, mwanamke mweusi wa Houston. Ana riwaya tatu za askari mweusi wa Texas anayeitwa Darren Mathews, kuanzia Bluebird, Bluebird ya mwaka 2017 hadi Guide Me Home ya 2024. Miti ni ileile, barabara zilezile za mashambani, lakini gari la polisi likiwasha taa nyuma yako hofu inakuwa nyingine. Wasome wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Mimi ndivyo nilivyowafundishia wanafunzi wangu, na mabishano yalipita kengele.

Mpangilio? Usianze na cha kwanza kwa sababu tu ni cha kwanza. Anza na Heaven's Prisoners, kisha Black Cherry Blues kilichompa Edgar, tuzo kubwa ya Marekani ya riwaya za upelelezi, kisha cha mifupa na jenerali, ruka hadi cha Katrina, umalizie na Robicheaux. Na usivifululize. Weka miezi miwili au mitatu katikati, usome mambo mengine, vinginevyo wale matajiri wa nguzo nyeupe watachanganyika kichwani.

Hukunitajia jina la kitabu ulichokiokota. Pengine jalada limechanika, kama vya mitumba vingi. Basi tazama hivi: kama Dave bado ana duka la chambo na Bootsie yuko jikoni, kimetoka kati ya mwaka 1990 na 2002. Kama nyumba aliyoijenga baba yake imeungua, yeye amehamia mjini na duka ameshamwachia Batist, kimetoka mwaka 2003 au baadaye. Na kama kuna rakuni wa miguu mitatu anayeiba chakula cha paka, niandikie uniambie ni ukurasa wa ngapi. Nina nakala hiyo, nitaijua.